Friji la Vyeti

Fomu zote za safari ya mke wangu zilimwuliza yeye peke yake. Ziliuliza jina lake, vyeti vyake, Kiingereza chake, hata mapafu yake. Hakuna iliyouliza anaishi na nani. Mimi niliyekuwemo nyumbani tangu mwanzo nasema safari ile iliendeshwa na watu watano: yeye, mimi, binti yetu, kijana wetu mdogo, na mama mkwe wangu, asiyejua Kiingereza hata cha salamu, na aliyefanya kazi kutushinda sote.

Tunakaa Likoni, ng'ambo ya kusini ya kivuko. Mimi ni fundi wa mafriji. Karakana yangu ni banda la mabati lililoegemea ukuta wa jikoni. Mke wangu ni muuguzi. Alisoma chuo cha mafunzo ya tiba cha KMTC, akasajiliwa na Baraza la Wauguzi la Kenya, akaajiriwa na hospitali moja ya binafsi kisiwani Mombasa kwa mkataba wa mwaka mmoja mmoja. Kila Desemba tulikaa roho juu, tukisubiri kujua kama utaandikwa upya. Julai 2021, serikali ya Kenya na ya Uingereza zilipotia saini makubaliano ya wauguzi wa Kenya kwenda kufanya kazi kule, wodini kwao hapakuzungumzwa jambo jingine. Alirudi na feri ya jioni, akavua viatu mlangoni, akasema, "Baba watoto, nataka kujaribu." Nikamwambia ajaribu.

Kilichoanza kutupangua ni Kiingereza. Mke wangu alifundishwa uuguzi kwa Kiingereza, akatahiniwa kwa Kiingereza, na ripoti za wodi aliandika kwa Kiingereza kila zamu. Hata hivyo Baraza la Uuguzi na Ukunga la Uingereza, NMC, lilitaka cheti cha mtihani wa Kiingereza. Alichagua IELTS: alama 7 katika kusoma, kusikiliza na kuzungumza, na 6.5 katika kuandika. Naona ni jambo la kumwumiza mtu, kudaiwa ushahidi wa lugha aliyoitumikia miaka yote. Yeye hakuona faida ya kulalamika. Alichotaka ni utulivu, maana sehemu ya kusikiliza huchezwa mara moja tu, na ukipitwa na neno limekwenda.

Utulivu Likoni haupatikani kwa urahisi. Kuna madrasa nyuma ya nyumba, kuna mashine ya kusaga, kuna bodaboda zinazopanda kutoka kivukoni mpaka usiku wa manane, na kuna kompresa zangu. Tukaweka sheria. Baada ya Isha karakana inafungwa, televisheni inazimwa, na kati ya Magharibi na Isha hakuzungumzwi ila Kiingereza. Mama mkwe alichukua mkeka wake akahamia barazani. Kijana wetu akamfuata, kwa sababu hadithi zote za nyumba ile zilikuwa zimehamia huko pamoja naye. Mazungumzo ya Kiingereza yakabaki kwa binti yetu na mimi, na Kiingereza changu ni cha vipuri. Binti ndiye aliyembeba mama yake. Alikuwa akimpa mada, anamshikia saa, anamwambia pale aliporudia neno moja mara nyingi. Jirani alipofanya harusi, na ngoma zikajaa mtaa usiku baada ya usiku, mama mkwe alivaa buibui akaenda kuwaomba wapunguze spika. Walipunguza. Kwa mtu mwingine nadhani wasingepunguza.

Mara ya kwanza sehemu ya kuandika ilimpungukia nusu alama. Akarudia, akapata. Kisha ukaja mtihani wa kompyuta, wa hesabu za dawa na maswali ya uuguzi, aliokwenda kuufanya Nairobi, na huo haukumsumbua. Kupiga hesabu za dripu ni kazi yake ya kila siku. Akafanyiwa usaili kwa video na hospitali moja ya Uingereza, amevaa blauzi ya kazini juu na leso chini, sisi sote tumekaa jikoni hatukohoi. Akapata kazi. Hapo katikati alipiga simu mtu akajitia wakala, akidai pesa za kushikiwa nafasi. Mke wangu alikuwa amesoma kwamba kanuni za Uingereza haziruhusu mwombaji atozwe ada ya kutafutiwa kazi, akakata simu. Nalitaja hili kwa sababu najua nyumba zilizouza shamba kwa simu ya namna ile.

Sasa vyeti. Vilikuwa vingi: cha kuzaliwa, cha ndoa, cha chuo, cha usajili, cha tabia njema kutoka polisi wa upelelezi, DCI, na hati ya kiapo ya wakili, kwa kuwa jina lake chuoni liliandikwa tofauti kwa herufi moja na lile la pasipoti. Ilikuwa masika, na mvua ya pwani haijui bati. Chini ya kitanda kulikuwa na mchwa, juu ya kabati panya, na paa lilivuja popote lilipotaka. Mama mkwe ndiye aliyepata ufumbuzi. Karakanani palikuwa na friji jeupe la mteja mmoja, kompresa imekufa, mwenyewe ameshindwa na gharama na hajaonekana siku nyingi. Mlango wake ulifunga barabara, raba yake nzima. Akavitia vyeti vyote pamoja na pasipoti ndani ya mfuko wa plastiki, akapiga fundo juu ya fundo, akauweka kwenye droo ya chini ya mboga. Mvua zote zile hakuna karatasi iliyopata hata ukungu. Wazo lilikuwa zuri, na nasema hivyo hata baada ya yaliyotokea.

Yaliyotokea ni haya. Kliniki ya Shirika la Kimataifa la Uhamiaji, IOM, jijini Nairobi ilikuwa imempa mke wangu miadi ya kupimwa kifua kikuu, maana anayetoka Kenya kwenda kukaa Uingereza hapewi viza bila cheti hicho. Miadi ilikuwa asubuhi, na tiketi yake ilikuwa ya treni ya usiku kutoka Miritini. Mchana wa siku hiyo mimi nilikuwa Ukunda kwenye chumba cha baridi cha hoteli. Yeye alikuwa amelala, ametoka zamu. Mama mkwe alikuwa matangani. Karakanani alibaki kijana anayejifunza kazi kwangu, ndio kwanza wiki yake ya mwanzo. Mwenye friji akaja na risiti yake na mkokoteni. Kijana akaisoma risiti, akaona ni halali, akasaidia kupakia. Alifanya kama nilivyomfundisha: mali ya mtu hairudishwi bila risiti, na mwenye risiti hazuiwi.

Nilipofika alasiri nilimkuta mke wangu amesimama mbele ya alama za miguu minne ya friji kwenye sakafu. Hakulia wala hakupiga kelele. Aliniuliza tu kama lile friji jeupe nimelihamisha mimi. Nikampigia mteja, hapatikani. Nikampigia tena, hapatikani. Kijana akasema mkokoteni ulielekea kivukoni, na kwamba yule bwana alikuwa akizungumza kwenye simu habari za kuliuza kama lilivyo.

Mama mkwe aliingia wakati huo kutoka matangani. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja: mkokoteni wa nani? Kijana hakujua jina, alijua tu kwamba mzee alikuwa na kofia ya bluu na tairi moja la mkokoteni lilikuwa jipya. Ilimtosha. Mama mkwe aliuza mahamri na mbaazi pale kivukoni tangu mke wangu akiwa shule ya msingi, na hamali wote wa mteremko ule walikula kwake, wengine kwa deni. Aliteremka, sisi nyuma yake, akawauliza waliokuwa wamekaa juu ya mikokoteni yao wakisubiri mizigo. Simu zikapita kutoka hamali mmoja kwenda kwa mwingine. Kabla feri haijafunga gati, tulikuwa na jibu: friji limeshushwa Mwembe Tayari, kwa muuza sharubati.

Jioni watu wanarudi Likoni, hawatoki. Tulisubiri umati wote uteremke, maelfu ya watu na mabaiskeli na mafurushi, na mke wangu akitazama saa. Kisha tukapanda feri iliyo karibu tupu. Binti alikuwa amemshika nyanya yake mkono upande mmoja na mama yake upande wa pili. Hakuna aliyesema neno mpaka tulipogusa kisiwani.

Mimi nilikuwa nimekwisha elewa jambo ambalo sikulisema. Friji lililokufa halinunuliwi na muuza sharubati ili lifanye kazi. Hununuliwa liwe sanduku la barafu. Unavunja mabonge, unayapanga kwenye rafu, unasimamisha chupa katikati, na barafu ikiyeyuka maji yote yanateremka chini. Chini ni kwenye droo ya mboga.

Tulipofika lilikuwa limesimama kando ya barabara, limejaa chupa za ukwaju na embe, na michirizi ya maji inatoka chini ya mlango. Mke wangu alipiga magoti palepale kwenye lami, akavuta droo. Maji yaliruka yakamlowesha kanga. Mfuko ulikuwa unaelea. Alijaribu kufungua fundo vidole vikakataa, akaurudisha kwa mama yake, na mama yake akalifungua kwa meno. Pasipoti ilikuwa kavu. Cheti cha chuo kilikuwa kavu. Hati ya kiapo iliyokuwa pembeni ilikuwa imelowa na muhuri wa wakili umesambaa, na cheti cha ndoa kilipata doa kwenye kona, nalo lipo mpaka leo.

Muuza sharubati alikuwa ametusimamia bila kuelewa. Alipoelezwa, alifunga duka kabla ya wakati wake, akatutafutia tuktuk ya kumpeleka mke wangu Miritini moja kwa moja, na akamtilia chupa mbili za ukwaju za njiani. Nilipotaka kulipa alikataa. Mke wangu aliondoka na pasipoti kifuani, kanga mbichi, bila kurudi nyumbani kuoga. Sisi tulirudi Likoni na karatasi zilizobaki, tukazitandaza juu ya kitanda, na watoto wakazipepea kwa zamu mpaka wakalala.

Wakati huo mama mkwe alikuwa pia mgonjwa wetu wa mazoezi. Mtihani wa mwisho wa muuguzi aliyefunzwa nje unafanyiwa Uingereza kwenyewe na unaitwa OSCE. Una vituo 10. Vinne ni vya kumchunguza mgonjwa, kupanga huduma, kuitoa na kuitathmini. Vinne ni vya kazi za mikono, kama kusafisha kidonda au kuchoma sindano. Viwili ni vya kuandika tu. Mgonjwa huwa ni mtu anayeigiza au sanamu, na msimamizi ameshika orodha. Mke wangu alitaka aende akiwa ameuzoea, basi chumba cha wageni kikawa wodi. Kijana wetu alihesabu migandamizo ya kifua juu ya mto: 30, kisha pumzi 2, kwa mwendo wa 100 hadi 120 kwa dakika, mto ukibonyea sentimita 5 au 6. Binti alishika orodha. Mama mkwe alilala kitandani.

Ugumu ulianza kwenye utambulisho. Muuguzi lazima ajitaje, amwulize mgonjwa jina kamili na tarehe ya kuzaliwa, alinganishe na utepe wa mkononi. Mke wangu aliuliza kwa Kiingereza, binti akatafsiri, na mama mkwe akainuka kitandani. "Jina langu walijua. Nani aliyekuzaa?" Akaelezwa kuwa ni mtihani. Akakubali, kwa shingo upande, kisha ikaja tarehe ya kuzaliwa. "Mwaka wa uhuru, mvua za vuli." Kitambulisho chake kina tarehe, lakini tarehe ile aliandikiwa na karani na yeye hakuwahi kuikubali. Nilimwona mke wangu akipata tabu ya kweli pale. Malezi yake yote yalimfundisha kwamba mzee humwamkii kwa kumwuliza jina. Alipokuwa kazini kisiwani, alianza na shikamoo, akauliza habari za nyumbani, na mpaka anafika kwenye ugonjwa alikuwa ameshajua mengi. Mtihani haukuwa na kisanduku cha hayo.

Siku ya kuzoea vipimo alimfunga mama yake mkanda wa presha. Mashine ikasoma 182 kwa 106. Akadhani ni mbovu, tuliinunua mtumba. Akabadilisha mkono, akamwacha apumzike, akapima tena, na namba hazikushuka. Mama mkwe alikuwa akilalamika kichwa kwa muda, akisema ni jua la matangani. Mazoezi yakaishia hapo. Kesho yake tulimpeleka kliniki, akaanzishiwa vidonge vya kila siku.

Usiku ule mke wangu alitaka kuiacha safari. Alisema hawezi kwenda kupima presha za wazee wa watu na ya mama yake haina wa kuipima. Sikuwa na jibu. Aliyekuwa nalo ni mama mkwe, aliyetusikia kupitia dirisha. Alisema mashine ile haihitaji Uingereza wala Kenya, inahitaji mtu mwenye macho, na mjukuu wake ana macho. Tangu asubuhi iliyofuata binti yetu, aliyekuwa na miaka 13, ndiye anayempima nyanya yake kabla ya shule. Huandika kwenye daftari la mistari: tarehe, saa, namba ya juu, ya chini, na mapigo.

Aliondoka. Nitapita haraka hapo kwa kuwa siwezi kuandika habari za uwanja wa ndege.

Kule alipewa chumba katika nyumba ya wauguzi wageni, jiko moja kwa wote, na akaanza kazi kwa mshahara wa msaidizi. Bila namba ya usajili ya NMC, ile ambayo wauguzi huiita pini, haruhusiwi kufanya kazi kama muuguzi kamili. Mwanamke aliyeendesha wodi ya usiku peke yake alikuwa akipima na kulisha na kutandika. OSCE ya kwanza ilibidi aifanye ndani ya wiki 12 tangu tarehe ya kuanza kazi. Mazoezi yakaendelea kwa simu. Saa tatu ya usiku wetu ilikuwa saa moja jioni kwake, simu tukaiegemeza kwenye mtungi, mama mkwe akalala, kijana akashika saa, binti akashika orodha, na mama yao akatoa huduma yote kwa maneno kutoka nchi nyingine. Mwisho wa Oktoba saa za Uingereza zikarudishwa nyuma. Saa moja yake ikawa saa nne yetu, na mgonjwa akawa analala usingizi wa kweli katikati ya uchunguzi.

Siku ya mtihani vituo vichache vilimwangusha. Mikono yake ilifanya kila kitu kwa usahihi, lakini kinywa kilinyamaza mahali msimamizi alipohitaji kusikia, na kisichosemwa hakina alama. Nililiona kosa hilo nikiwa Likoni: binti aliweka alama za vyema pale alipojua mama yake amefanya, na mama alizoea kuamini kwamba anayemtazama anamjua. Tukabadilisha. Binti akaambiwa aigeuzie simu mgongo, asione, asikilize tu. Chochote asichokisikia hakipewi alama. Ilikuwa mazoezi makali, na mara mbili tatu walitengana kwa hasira, mmoja Uingereza na mwingine Likoni. Akarudia vituo vile vilivyobaki, kama sheria inavyoruhusu. Akafaulu. Pini ilipotoka alituma picha ya ukurasa wa rejista wenye jina lake, na mama mkwe akataka asomewe herufi moja moja ahakikishe ni lile la pasipoti.

Sasa tuko kwenye shauri ambalo halijaisha. Viza ya mke wangu inamruhusu kuleta mume na watoto. Mama hamo. Kuna njia ya wazazi wazee, lakini mlango wake ni mwembamba mno: lazima uthibitishe kwamba mzazi anahitaji mtu wa kumhudumia mambo ya mwili kila siku na kwamba nchini kwake huduma hiyo haipatikani. Mama mkwe anatembea, anapika, anateremka kivukoni kwa miguu yake. Kwa sheria ile yeye si wa nyumba yetu. Hilo linaniuma kuliko yote niliyoyasimulia, na sioni aibu kulisema. Walichukua muuguzi aliyefunzwa na nyumba hii, kisha wakachora mstari ukapita katikati ya chumba cha wageni.

Mimi nimesema hatuendi mwaka huu. Mke wangu amesema anakuja likizo baada ya Idi tukae kikao. Mama mkwe hakusubiri kikao. Wiki iliyopita nilirudi kutoka kazini nikamkuta binti yetu amekaa barazani na msichana wa jirani, amemshika mkono, anamwonyesha mahali pa kuufunga mkanda wa presha, na daftari la mistari liko wazi kati yao. Nikamwuliza nani amepanga darasa hilo. Nyanya, akasema. Nikaingia ndani kumwambia mama mkwe kwamba mimi sijakubali. Akanijibu, akichambua mchele, kwamba yeye hakuniuliza mimi, na kwamba msichana yule ana macho mazuri lakini hesabu zake bado, kwa hiyo binti asiondoke kabla ya kumfundisha kuandika namba ya chini.